Maulizo ya kazi ku mine: kujua kazi ni kitu kimoja, kuieleza ni kingine

« Jina la mwenye atapata kazi liko tayari. Maulizo ni mchezo tu. » Maneno haya yanasemwa Kolwezi, Likasi, Fungurume na hapa Lubumbashi kila mara kampuni inabandika tangazo la kazi. Vijana wengi wanapeleka dosye, wachache wanaitwa ku ile wanaita entretien, na wachache zaidi wanarudi na kontra. Wenye hawakupata wanafika nyumbani na jibu moja: ilikuwa nafasi ya ndugu wa shefu.

Hatutasema kwamba ni uongo. Undugu, kabila na makuta ya chini ya meza viko, na nani mu Katanga hajui nyumba yenye iliuza frigo ao kiwanja juu ya kumulipa mutu wa katikati, kiisha kazi haikuja na mutu hakuonekana tena? Lakini kuna upande mwingine wenye hatuuzungumuzi sana. Kampuni inaweza kumuficha ndugu wa shefu mu biro ao pa mulango. Haiwezi kumuficha juu ya benne ya tani mia moja, wala mu kisanduku cha umeme, wala pa tanki ya asidi. Mutu asiyejua, kule anaonekana siku ya kwanza, na mara nyingine anaonekana kwa kifo cha mwenzake. Kwa kazi za namna ile, wenye kuuliza wanatafuta kweli mutu mwenye anajua. Na pale njo vijana wetu wengi wanaangukia, hata wenye mikono yao inajua kazi.

Juu ya nini? Sehemu ya jibu iko mu historia ya inchi hii ya shaba. Union Minière, tangu mwisho wa miaka ya 1920, ilichagua kukalisha wafanyakazi pamoja na bibi na watoto mu makambi: nyumba, posho, hospitali, masomo. Gécamines, yenye ilizaliwa kisha serikali kutwaa Union Minière mu mwaka 1967, iliendelesha njia ileile. Mutoto alikomaa mu kambi, akasoma ku masomo ya kampuni, akajifunza mu atelie ya kampuni, kiisha akaandikwa. Hakuna mutu aliyemuambia « tueleze wewe ni nani ». Walijua baba yake, namba ya baba yake, na nyumba yao. Mu mwaka 1986 Gécamines ilitosha zaidi ya tani 470 000 za shaba. Mu miaka ya 1990 ilianguka chini ya tani 50 000. Mwaka 2003, kwa makuta ya Banque mondiale, wafanyakazi zaidi ya 10 000 waliondoka mu ile programu iliitwa « départ volontaire ». Wazee wengi hawakuwahi kukubali kwamba neno « volontaire » lilikuwa la kweli.

Kwa hiyo tuko na wababa wenye walifanya kazi miaka 25 ku mine bila kuulizwa hata mara moja namna watoto wao wanaulizwa leo. Mzee anaweza kumufundisha kijana kufungua pampu macho yakiwa yamefungwa. Namna ya kukaa mbele ya watu watatu wenye wanaandika, na kueleza ile pampu kwa dakika mbili, hawezi kuifundisha, sababu hakuipitia.

Tena mwenye kuuliza amebadilika. Kisha Code minier ya mwaka 2002 kampuni za kigeni ziliingia nyingi, na leo nafasi nyingi hazipitie tena ku kampuni kubwa yenyewe. Zinapitia kwa sous-traitant. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 iliweka kazi za sous-traitance mu mikono ya kampuni za Wakongomani. Ni jambo zuri kwa wenye biashara wetu. Kwa mwenye kutafuta kazi, maana yake ni kwamba anaulizwa na kampuni moja ili akafanye kazi mu uwanja wa kampuni ingine. Inafaa kuelewa woga wa yule sous-traitant. Kama analeta mufanyakazi mwenye anashindwa mafundisho ya usalama pa mulango, ao mwenye anavunja sheria juma la kwanza, kampuni kubwa inamurudisha, na siku moja inaweza kukata kontra yote. Basi mbele ya kuuliza kama unajua kuchomelea chuma, anajiuliza mu roho yake: huyu mutu atanipotezea kontra?

Ndio maana swali moja linarudi karibu kila mahali, kwa dereva kama kwa fundi wa umeme: « Tueleze siku yenye ulisimamisha kazi sababu ya hatari. »

Kijana mwenye hakujitayarisha anajibu: « Miye niko mutu wa nguvu, kazi yote nafanya, siogopi kintu. » Anafikiri amesema vizuri. Zamani jibu hili lilipendeza ma kapita. Leo yule mwenye kuandika anaweka alama mbaya, sababu mutu asiyeogopa kitu ku mine ni mutu wa hatari.

Jibu lenye linasimama lina mahali, lina kitu kilichoonekana, lina kile ulifanya, na lina mutu uliyemujulisha. Kwa mfano, mutu wa atelie anaweza kusema: « Tulikuwa tunabadilisha rulo za bande. Umeme ulikuwa umekatwa, lakini niliona hakuna kadena pa kisanduku. Nilisimama, nikaita shefu wa ekipi. Tuliweka kadena yake na yangu, na jina la kila mutu, kiisha tukajaribu kuwasha ili tuone kama mashini imekufa kweli. Tulipoteza dakika 20. » Hakuna maneno makubwa mule. Lakini mwenye kuuliza amesikia vitu vinne vyenye alikuwa anangojea kusikia: kukata, kufunga na kadena, kuandika jina, kujaribu. Kwa Kifaransa wanaita « consignation ». Kama umefanya kazi ile na neno hili hulijui, lijifunze leo, kama unalijua neno na hujawahi kuifanya, usidanganye, sababu swali la pili litakuwa: « Na ufunguo wa kadena ulikuwa wapi? » Ulikuwa mu mufuko wako mwenyewe. Mwenye hakuifanya anajibu « kwa shefu », na anajulikana palepale.

Kila kazi iko na maswali yake ya namna hii. Dereva wa benne ataulizwa anafanya nini mbele ya kuwasha. Anazunguka mashini kwa miguu: matairi, mafuta yenye inavuja, breki, honi, sauti ya kurudi nyuma, kizima-moto, na kama kuna kitu kibaya anaandika na haendeshi. Ataulizwa pia juu ya kile kilima cha udongo pembeni ya barabara ya mine, kile wanaita merlon: urefu wake unapaswa kufika angalau nusu ya gurudumu la mashini kubwa kupita zote zinazopita pale. Mwenye kuendesha gari ndogo ataulizwa anakaribia benne namna gani. Hakaribii mpaka dereva wa benne ajibu ku radio kwamba amemuona, sababu yule wa juu kuna pande nyingi zenye haoni. Na wenye kutafuta kazi ku usine, kule wanaoshea madini na asidi ya sulfuriki, wajue hili hata kama wanaomba kazi ya kufagia: asidi inamwangwa mu maji, maji haimwangwe hata siku moja mu asidi. Joto linapanda kwa haraka na asidi inaruka mu uso.

Kuna swali moja la mutego lenye linaangusha zaidi watoto waliokomezwa vizuri. « Shefu wako anakuambia uingie mahali bila kibali. Utafanya nini? » Mutoto wa kwetu amefundishwa kwamba mukubwa akisema, unatii. Anajibu: « Nitaingia, sababu ni mukubwa wangu. » Amepoteza. Lakini mwenye kujibu kwa ukali « nitakataa! » naye hapendezi sana, sababu wanaona mutu wa ugomvi. Desturi yetu wenyewe iko na njia ya katikati, ile tunatumia kila siku mu nyumba tunapokatalia mzee jambo: « Nitamuambia kwa heshima, shefu, nangojea kibali kwanza. Kama hakuna kibali, nitamuomba tumuite mutu wa usalama, kiisha tutaendelea. » Umekataa, na hukumuvunjia mutu heshima.

Tunajua pia kwamba kuna mahali kampuni ileile yenye inauliza swali hili inasahau jibu siku tani hazitoshi na wakubwa wanapiga simu kutoka ngambo. Mwenye kuandikwa alichunge lile jibu alilotoa. Siku moja atalihitaji.

Twende ku Kifaransa. Ukweli ni kwamba maulizo mengi yanafanyika kwa Kifaransa, ku kampuni zingine kwa Kiingereza, ku zingine na Muchina mwenye anauliza kwa kinywa cha mukalimani. Mashauri yetu ni wazi: kumuuliza kwa Kifaransa fundi mwenye atasema Kiswahili siku nzima mu shimo na mu atelie, ni kupima miaka aliyokaa ku masomo. Haipimi kazi yake. Kampuni yenye inaeleza sheria za usalama kwa Kifaransa kitupu, na mufanyakazi anatikisa kichwa « oui, oui », inajitafutia kilio. Kiswahili ni lugha ya taifa mu Katiba ya 2006. Kuomba kujibu kwa Kiswahili si haya.

Lakini inafaa kuomba kwa njia yake. Tayarisha sentensi tatu ao ine za Kifaransa safi: jina lako, kazi yako, miaka yako, kampuni ya mwisho. Kiisha sema: « Permettez-moi d'expliquer la suite en swahili. » Wengi wanakubali, sababu wao wenyewe wanataka kusikia. Na majina ya vyombo unayajua tayari kwa Kifaransa, hata kama hukumaliza masomo: roulement, pompe, vanne, courroie, disjoncteur. Yatumie pale yanapostahili. Kama kuna mukalimani, sema sentensi fupi, ngojea, na uangalie yule mwenye aliuliza. Watu wengi wanageukia mukalimani tangu mwanzo mpaka mwisho, na yule mukubwa anabaki sawa mutu amesahaulika mu salon yake mwenyewe.

Swali la kwanza kabisa ni « Parlez-nous de vous ». Mutu wa kwetu anaanza pale heshima inaanza: baba yangu ni fulani, tulitoka mugini fulani, niko mutoto wa tatu, ninaomba ku kanisa fulani. Mu familia, bila maneno hayo hujulikani. Mbele ya RH dakika mbili zimeisha na hujasema kazi. Kabila na kanisa haviingie mule kabisa, na kama mwenye kuuliza anavitafuta, jibu kwa ufupi na urudi ku kazi. Anza na kazi: « Niko fundi wa mashini kubwa, miaka saba, zaidi ku pelle na benne za Caterpillar, miaka tatu ya mwisho ku sous-traitant mu Fungurume, kontra iliisha. » Basi. Watakuuliza mengine.

Kiisha linakuja swali lenye watu wanalidharau: « Unajua nini juu ya kampuni yetu? » « Ni kampuni kubwa, inalipa vizuri » si jibu. Na hapa habari za siku hizi zina maana ku nyumba ya kila mufanyakazi. Mu mwezi wa pili wa 2025 serikali ilifunga kutosha cobalt ku inchi za inje, ili bei yenye ilikuwa imeanguka ipande. Kufunga kuliendelea mpaka tarehe 16 Oktoba 2025, siku kugawanya kwa kipimo kulianza: tani 18 125 kwa siku zilizobaki za mwaka ule, na tani 96 600 kila mwaka kwa 2026 na 2027, kila kampuni na kipimo chake. Kampuni zenye zinachimba shaba pamoja na cobalt, kama Tenke Fungurume, Mutanda ao KCC, zinaguswa na sheria hii. Kamoa-Kakula inachimba shaba; cobalt si biashara yake. Kipushi ni zinki, na ilianza kutosha tena mu 2024 kisha miaka mingi ya kulala. Mwenye kujua hivi anaweza kuuliza: « Hii nafasi inategemea kazi ya cobalt ao ya shaba? » Ni swali lenye linaonyesha kwamba unafikiri. Zaidi ya hapo linakulinda weye mwenyewe. Wenye walikuwa Mutanda mwisho wa 2019 wanakumbuka: bei ya cobalt ilikuwa chini, mine ikafungwa, ikafunguliwa tena paka mu 2021. Madeni ya nyumba na ya masomo ya watoto hayakufungwa.

Tuseme neno kwa ndugu zetu wachimbaji wa mikono, sababu wengi kati yao wanataka kuingia ku kampuni na hawajui waeleze nini. Mutu amechimba miaka kumi, anajua kuweka miti mu shimo, anajua udongo wenye utaanguka, anatofautisha malachite na heterogenite kwa jicho, anajua wakati hewa imepungua chini. Anafika mbele ya meza na anasema: « Sina expérience. » Iko nayo! Lakini ataje kwa uangalifu. Code minier inaruhusu kuchimba kwa mikono mahali palipowekwa kwa kazi ile, na kwa karata. Mwenye alichimba ndani ya koperativi aseme hivyo, na alete barua ya mukubwa wa koperativi. Mwenye aliingia usiku mu uwanja wa kampuni, tunamushauri asilete hadithi ile kama ushujaa mbele ya kampuni yenye iliibiwa. Ataje kile anajua kufanya.

Woga wa kampuni juu ya mutu wa shimo haiko nguvu zake. Wanajua iko nazo. Wanaogopa saa na sheria: kwamba hatafika saa kumi na moja asubui kila siku, kwamba atavua kofia joto likizidi, kwamba ataondoka siku bei ya madini inapanda inje. Woga ule unajibiwa na kitu cha kuonyesha. Miezi ya mafunzo ku INPP, ile chuo cha ufundi ya serikali yenye iko tangu 1964, inaonyesha zaidi ya ufundi: inaonyesha kwamba mutu aliamka kila siku na akamaliza jambo alilolianza.

Juu ya makaratasi tutasema kidogo, ila jambo moja watu hawalijui na linawanyima kazi. Kontra ikiisha, kwa sababu yoyote, mukubwa wa kazi anapaswa kukupatia « certificat » yenye inasema kazi uliyofanya na muda uliofanya. Ni kipengele cha 79 cha Code du travail, na inapaswa kutolewa mu siku mbili za kazi. Sous-traitant anafunga biro, anahama, telefoni haipitie tena, na miaka yako minne inabaki mu kinywa chako tu. Omba ile karatasi mbele ya kurudisha botini na bachi. Na wenye kununua attestation za uongo kwa wale wa kompyuta wa mu soko, wajue kwamba RH siku hizi anapiga simu. Anauliza paka kitu kimoja: shefu wake wa ekipi aliitwa nani?

Kwa wamama na wadada wenye wanaomba kazi ya kuendesha mashini, ya laboratoire ao ya usine: maswali juu ya mimba yanaulizwa, mara nyingine kwa kucheka. Kipengele cha 128 cha Code ileile kinakataza kumuomba mwanamuke mwenye anatafuta kazi apimwe mimba ao alete karatasi ya muganga juu ya mimba, isipokuwa kwa kazi zenye sheria inakatalia wenye mimba ao zenye kuwa na hatari inayojulikana kwa mama na mutoto. Unaweza kujibu kwa utulivu: « Nitafuata mapimo ya muganga ya kazi kama wengine wote. » Jibu hili halifungi mulango, na halikupeleki pale hawana haki ya kukupeleka.

Sasa makuta. Watu wanaogopa kuuliza, wanaona wataonekana wenye tamaa. Inafaa kuuliza, mwishoni, wakati wanasema « Avez-vous des questions? » Kusema « non » pale ni kupoteza nafasi. Uliza kwanza aina ya kontra. Kwa kazi ya kila siku yenye kampuni itaihitaji daima, sheria inataka kontra isiyo na mwisho. Kontra yenye tarehe haipiti miaka miwili, na inarudiwa mara moja tu, ila sheria imeacha mulango kwa « ouvrages bien définis », na mule njo sous-traitants wengi wanapita. Basi uliza: ni kazi gani hasa, na inaisha lini? Uliza kujaribiwa ni muda gani: mwezi moja kwa manœuvre asiye na ufundi, miezi sita kwa wengine, si zaidi, na iandikwe. Wale wa siku kwa siku wahesabu siku zao mu kadaftari: ukimaliza siku 22 mu miezi miwili, na wakakutwaa tena mbele ya miezi ile miwili kuisha, sheria inahesabu kwamba kontra yako haina mwisho.

Kiisha uliza kama ile hesabu wanataja ni mushahara wa musingi ao ni yote pamoja na nyumba na usafiri, na hospitali gani inapokea bibi, bwana na watoto. Mushahara mukubwa wenye umechanganya kila kitu ndani unaweza kuwa mudogo kupita ule mudogo, siku mutoto analala mu hospitali.

Wa sindika wangeweza kusaidia zaidi ya kazi yenye wanafanya leo. Délégation syndicale inaweza kuomba kampuni ibandike, pamoja na tangazo la kazi, vitu vyenye itapima, na namba ya watu walioitwa na walioandikwa. Kampuni yenye haina undugu haitapoteza kitu. Na wenye hawakupita waambiwe juu ya nini, hata kwa mustari moja: Kifaransa, usalama, makaratasi, muganga. Leo kijana anarudi bila kujua, anakwenda tena na kosa lilelile, na mara ya tatu anakubali kumulipa mutu wa katikati. Ile biashara ya mutu wa katikati inaishi ndani ya giza hili. Yeye naye hana nguvu ya kuandika mutu, anatwaa makuta ya watu kumi, mumoja kati yao anapita kwa akili yake mwenyewe, na anasema: « Munaona? Niliwaambia. »

Nyumbani kuna kazi ya kufanya mbele ya siku ile, na haiombe makuta. Bibi, yaya, ao mutoto mwenye anasoma sekondari atwae karatasi, aandike maswali sita: wewe ni nani ku kazi, siku yenye ulisimamisha kazi, mambo ya mashini yako, shefu akikuambia uingie bila kibali, unajua nini juu ya kampuni, uko na maswali gani. Amuulize kwa sauti, akiwa amekaa pa kiti upande mwingine wa meza, bila kucheka, na aangalie saa. Jibu likipita dakika mbili, amukate. Warudie usiku wa pili. Mara ya kwanza mutu anatoka jasho mbele ya bibi yake mwenyewe; ni vizuri jasho lile litokee pale. Jioni ya mwisho lutuku ibaki kwa jirani, sababu ku kampuni nyingi wanapima pumzi pa mulango hata kwa mwenye amekuja kuulizwa tu, na pombe ya usiku inaonekana asubui. Viatu vifungwe, ndala haziingie. Na mutu moja mu nyumba aulize mapema: bus ya kwanza inapita saa ngapi, na kama haipite, jirani gani iko na moto?